Tenari, Sharti, Kiteuzi

Mstari wenyewe ni huu: hadhi = umri >= 18 ? "mtu mzima" : "mtoto". Kila anayeandika programu kwa C, Java au JavaScript anaufahamu. Mahali ambapo tungeandika mistari minne au mitano ya if na else, kila tawi likirudia jina lile lile la hadhi na alama ile ile ya usawa, unasimama mstari mmoja wenye kiulizi katikati na nukta mbili mbele yake. Faida zake zimeelezwa mara nyingi, nami sitazirudia. Linalonikereketa ni kwamba chombo hiki kinashikwa kutwa kucha na vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, lakini hakina jina la Kiswahili ambalo mwalimu anaweza kulitamka darasani bila kusita.

Jina linalosikika zaidi ni tenari. Limetoka Kilatini, na maana yake ni cha vitu vitatu. Katika C, alama nyingi hushika kitu kimoja au viwili: alama ya hasi mbele ya namba hushika kimoja, ya kujumlisha hushika viwili, na hii peke yake hushika vitatu. Basi jina limehesabu miguu ya mnyama, likaacha kutuambia ni mnyama gani. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika kitabu chao cha C cha mwaka 1978, waliijua sifa hiyo ya utatu, lakini kichwa cha sehemu inayoeleza alama hii walikijenga juu ya sharti, si juu ya hesabu. Walikuwa na haki. Lugha yoyote ikipata kesho alama ya pili ya vitu vitatu, tenari litakuwa jina la mbili kwa pamoja, yaani si jina la yeyote.

Opereta nalo lina mwenyewe. Kwa Kiswahili opereta ni mtu: wa simu, wa mashine ya kiwandani, wa mtambo. Ukimwambia mwanafunzi "opereta inachagua", kwanza humwona mtu ameketi. Vitabu vya Hisabati vya shule za msingi vilishatupa neno zuri zaidi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vinaitwa matendo. Kwa hiyo alama ya kujumlisha ni alama ya tendo, na ningependa tuendelee hapo hapo. Lakini kwa alama hii moja hatuhitaji hata kuliingiza neno hilo ndani ya jina. Kiunganishi hatukiiti "neno kiunganishi" kila tunapokitaja, wala kielezi "neno kielezi". Jina lililoundwa vizuri hujibeba.

Wengine wamependekeza opereta ya sharti, au opereta sharti. Hapa tuketi kidogo, maana neno sharti lina nyuso mbili. "Sharti uje kesho" maana yake ni lazima uje. "Nitakuja kwa sharti moja" maana yake ni kwamba kuja kwangu kunategemea jambo fulani. Lazima na utegemezi vimelala kitanda kimoja, na vitenzi vilivyozaliwa hapo, shurutisha na shurutia, vimevutwa zaidi upande wa nguvu. Anayesikia "opereta sharti" kwa mara ya kwanza anaweza kuelewa opereta ya lazima, kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Wingi wake nao una harufu yake: masharti ni ya mkataba, ya mganga, ya matangazo ya redio yanayomalizia kwa haraka "vigezo na masharti kuzingatiwa".

Isitoshe, sehemu ile ya kwanza ya mstari, umri >= 18, haimwekei mtu yeyote sharti. Inauliza tu. Umri umefika? Jibu ni kweli au si kweli, basi. Ndiyo maana mbele yake imewekwa alama ya kuuliza, na ndiyo maana mimi ningeiita swali. Sharti tuwaachie wanasheria na wanasarufi, ambao wamelizoea na wanalitumia vizuri.

Sasa tuje kwenye maneno ya kufungulia. Kiswahili kimejaaliwa nayo kwa wingi: kama, ikiwa, iwapo, endapo, na kile kidogo kuliko vyote, -ki-.

Kama ndilo la kwanza kumjia kila mtu mdomoni, na ndilo lenye kazi nyingi kupita kiasi. Hufananisha: anguruma kama simba. Hukadiria: walikuja kama watu kumi. Hubeba shaka: sijui kama atakuja. Tena huweka sharti: kama atakuja, mpe. Katika somo la programu, ambamo kufananisha na kukadiria vipo pia, utajikuta ukisema "kama umri ni kama 18", na mwanafunzi ana haki ya kuuliza ni kama ipi. Neno hili nalipenda kwenye mazungumzo, lakini kwenye istilahi silitaki.

Iwapo na endapo zimebeba -po, kiambishi cha wakati na mahali. Iwapo ni pale itakapokuwa. Endapo ni pale mambo yatakapokwenda hivyo. Zote mbili hutazama mbele, kwenye jambo lisilojulikana, na ndiyo maana zimestawi katika mikataba na tahadhari: endapo mvua itanyesha, endapo mteja atachelewa kulipa. Mashine haitazami mbele. Inapofika kwenye mstari, umri tayari ni namba iliyoandikwa, na jibu lipo sasa hivi. Ikiwa ndiyo inayokaa vizuri hapo: i-ki-wa, hali ikiwa hivi.

Na ndani ya ikiwa ndimo ilimo -ki-, silabi moja inayoshikilia uzito wote. "Akija, mpe." Hakuna kama, hakuna iwapo, hakuna neno la ziada, sharti limeingizwa ndani ya kitenzi, likakaa. Mwenziwe wa kukanusha ni -sipo-: "asipokuja, kaa nacho". Wahenga walizijua hizi mbili vizuri. "Ukiona vyaelea, vimeundwa." "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Waundaji wa lugha za programu walitafuta ufupi kwa kutumia alama, sisi ufupi huo tunao katika kitenzi. Jaribu kuusoma mstari wetu wa mwanzo hivi: umri ukifika 18, mtu mzima, usipofika, mtoto. Hakuna kilichobaki nje. Tahadhari moja tu: -ki- hubeba pia kitendo kinachoendelea, kama katika "nilimwona akija", kwa hiyo katika fasili rasmi nitaandika ikiwa, na katika kusoma kwa sauti nitatumia -ki- bila woga.

Ila -nge- na -ngali- tuziache mbali kabisa na chombo hiki. "Angefika 18" tayari inasema hajafika. "Angalifika" inasema muda umepita. Nimeona maelezo ya programu yaliyotafsiriwa kwa -nge-, na kila mara maana imepinda: yanatoa jibu kabla swali halijaulizwa.

Upande wa pili wa swali una vita vyake vidogo. La sivyo, ama sivyo, vinginevyo, sivyo: lipi lisimame mahali pa else?

La sivyo ni ndoa ya kupendeza, la ya Kiarabu na sivyo ya Kibantu, kukana mara mbili kwa lugha mbili. Lakini sikiliza linavyotumika mitaani: "Lipa deni, la sivyo tutaonana mahakamani." Lina kitisho. Kile kinachofuata la sivyo mara nyingi ni adhabu, na katika mstari wetu kuwa mtoto si adhabu. Vinginevyo ni neno la sheria na la ofisi, nalo ni la wingi: ni kwa namna nyingine yoyote ile, ziwe mbili au mia. Linafaa pale ambapo milango mingi imebaki wazi. Chombo chetu kina milango miwili tu, na wa pili ni ukanushaji halisi wa ule wa kwanza. Sivyo linasema hasa hilo, si hivyo, halafu linanyamaza. Fupi, halitishi, halizidishi. Nalichagua sivyo.

Sasa tumefika kwenye kiini, na hapa naomba msomaji mwenzangu, mlinzi wa lugha hii, tusimame kwa makini zaidi. Tofauti kati ya if na else kwa upande mmoja, na alama hii kwa upande wa pili, si urefu. Ni tofauti ya aina. La kwanza ni kile ambacho Waingereza wamekiita kwa neno la kutoa maelezo, statement, nasi tukakitafsiri taarifa au kauli. La pili ni kitu chenye thamani ndani yake.

Taarifa ni tafsiri sahihi ya jina lenye makosa. Mstari wa programu unaoitwa hivyo hautoi taarifa yoyote kwa yeyote, unaagiza. Weka hii pale, rudia hili mara kumi, futa lile. Jina la Kiingereza lilikosea tangu mwanzo, na hatuna deni la kulifuata shimoni. Kauli nayo tumeshaipa kazi katika sarufi: kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendeana. Kilicho amri tukiite agizo. Basi if na else ni agizo, na kwa kuwa linampeleka msafiri upande mmoja kati ya pande mbili, naliita agizo la njia panda. Neno panda hapa ni lile la mgawanyiko wa tawi, si la kupanda mlima wala la kupanda mahindi, na kutangulizwa kwa njia kunaondoa utata.

Kwa upande wa pili tunalo neno usemi, ambalo ni pana mno, kwani usemi huweza kuwa methali, nahau, hata jinsi mtu anavyoongea. Lakini kuna neno ambalo Hisabati ya shule zetu imelitumia kwa muda mrefu na walimu wa kompyuta wamelisahau: mtajo. 2x + 3 ni mtajo. Haiamrishi kitu. Inataja thamani, kama vile jina linavyomtaja mtu. Tazama lilivyo sahihi! Agizo hufanya, mtajo hutaja. Mtajo unaweza kuwekwa popote panapokubali thamani: upande wa kulia wa alama ya usawa, ndani ya mabano ya kitenda (function), katikati ya sentensi inayochapwa kwenye skrini. Agizo haliwezi. Umri >= 18 ? "mtu mzima" : "mtoto" ni mtajo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kotlin na Rust hazina alama hii hata kidogo, na sababu iko hapa hapa: humo if yenyewe imepandishwa cheo ikawa mtajo, kwa hiyo hapana haja ya alama ya pili. Go nayo haina, lakini kwa sababu tofauti; waundaji wake waliona inatumiwa mno kujenga mafumbo yasiyosomeka.

Mtajo wa namna gani, basi? Unaochagua. Na kwa kuchagua Kiswahili kina vitenzi viwili vikubwa, chagua na teua, ambavyo watu huvitumia kana kwamba ni kimoja. Havilingani. Chagua ni pana: unachagua nguo, unachagua rafiki, wananchi wanachagua mbunge, na uchaguzi ni wa wengi na una hesabu ya kura. Teua ni kuchukua mmoja kwa mamlaka ya mmoja. Rais huteua mawaziri. Bunge huunda kamati teule. Katika mstari wetu hakuna kura. Kuna swali moja, na jibu lake pekee ndilo lenye mamlaka. Mapendekezo mawili yamewekwa mbele, moja linateuliwa. Hii ni kazi ya teua.

Kuna na sababu ya ndani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John McCarthy alikuwa akiandika kwa FORTRAN, kwenye mashine ya IBM 704 huko MIT, programu ya hatua halali za sataranji. Alijitengenezea kitenda alichokiita XIF, chenye sehemu tatu, ambacho kilirudisha sehemu ya pili au ya tatu kulingana na ya kwanza. Kilifanya kazi, lakini vibaya: FORTRAN ilikokotoa sehemu zote tatu kwanza, ndipo ikatupa moja. Tatizo hilo lilimsukuma kuunda mtajo wa sharti wa kweli, ambao hukokotoa upande mmoja tu na hauugusi mwingine kabisa, na ukaingia katika Lisp yake. Teua inalibeba jambo hilo. Asiyeteuliwa haapishwi kwanza ndipo atenguliwe, haitwi.

Kwa hiyo napendekeza kiteuzi. Umbo lake tunalijua: ki- mbele, na kitenzi kilicholainishwa nyuma, umbo lile lile lililotupa kitenzi, kielezi, kielekezi, kiunganishi, kivumishi, kiwakilishi. Ni ukoo mzima wa istilahi za sarufi, na alama ya programu ni sarufi pia. Wingi ni viteuzi, na ngeli haisumbui: kiteuzi kimerudisha, viteuzi vimepachikwa. Sehemu zake tatu ni swali, pendekezo la kwanza na pendekezo la pili. Thamani inayotoka ni mteule. Kichaguzi ningelikubali kwa shingo upande, kwa sababu linaweza kueleweka, lakini linatupotezea ile tofauti niliyoieleza.

Jina likiwa sahihi, kanuni ya matumizi hujitokeza yenyewe. Pande zote mbili zikiwa zinapendekeza thamani ya mahali pamoja, andika kiteuzi. Kila upande ukiwa na kazi yake ya kufanya, kutuma ujumbe huku na kufuta faili kule, andika agizo la njia panda, hata kama kiteuzi kitakubali kusukumiwa kazi hiyo. Huwezi kuteua kufuta faili.

Alama zenyewe zina historia inayostahili kutajwa. BCPL ya Martin Richards, mwaka 1967, iliandika kiteuzi kwa mshale na mkato: swali, mshale, pendekezo, mkato, pendekezo. Mshale unaonyesha njia. C huandika kwa kiulizi na nukta mbili, na kwa maoni yangu hayo yalikuwa maendeleo, kwa sababu kiulizi kinasema ukweli. Nukta mbili hizo, ambazo wengine huziita koloni, Kenya zina jina lingine la kupendeza, nukta pacha. Nalipendelea hilo katika mahali hapa: pacha wawili wamesimama kati ya mapendekezo mawili yaliyo sawa kwa hadhi.

Zisomweje kwa sauti? Msikilize konda wa daladala: "Una nauli? Ingia. Huna? Subiri." Kiswahili cha kila siku huuliza mara mbili, mara ya pili kwa kukanusha. Nukta pacha ni lile swali la pili lililomezwa. Umri umefika 18? Mtu mzima. Haujafika? Mtoto. Mwalimu akisoma hivyo, darasa haliulizi alama ile inafanya nini.

Python ilikataa kiulizi. Pendekezo nambari 308 la mwaka 2003 lilizua mjadala mrefu, na hatimaye Guido van Rossum akakubali umbo lililoingia katika toleo la 2.5 mwaka 2006: "mtu mzima" if umri >= 18 else "mtoto". Jibu linatangulia, swali linafuata. Kwa sikio la Mswahili huo ni mpangilio wa wasiwasi. Tunaweza kusema "nitakuja nikipata nafasi", naam, lakini tukitaka uzito tunaanza na swali, na methali zetu za -ki- na -sipo- zimeshika mwelekeo huo. Kwa hiyo ninapofundisha Kiswahili cha Python, nasoma hivi: mtu mzima ikiwa umri umefika 18, sivyo mtoto. Linasomeka, ila si tamu kama la C.

Limebaki la kiteuzi ndani ya kiteuzi. Waingereza wana picha ya kiota, na nimeona watu wakiitafsiri jinsi ilivyo, "viteuzi vya kiota". Ndege hana kazi hapa. Pachika linatosha: kitu kinaingizwa mahali kikabanwa. Viteuzi vilivyopachikwa. Na hatari yake inaonekana wazi kwa madaraja ya kidato cha nne Tanzania: alama >= 75 ? "A" : alama >= 65 ? "B" : alama >= 45 ? "C" : alama >= 30 ? "D" : "F". Katika C au JavaScript, viteuzi hufungamana kuanzia kulia, na mwenye 80 anapata A yake. Katika PHP ya zamani vilifungamana kuanzia kushoto: A ikipatikana inageuka kuwa swali la kiteuzi kinachofuata, na kwa kuwa herufi yoyote huhesabiwa kweli, A inazaa B, B inazaa C, C inazaa D. Kila aliyefaulu, wa 80 na wa 31, alipewa D. PHP 7.4, mwaka 2019, ilianza kuonya juu ya kupachika bila mabano, na toleo la 8.0 la mwaka 2020 likakataza kabisa. Kwa kufungamana huko tuseme kufungamana kulia na kufungamana kushoto. Sioni haja ya neno zito zaidi.

Na yuko mdogo wake kiteuzi, aliyezaliwa pale kiulizi na nukta pacha zinapobanwa pamoja bila kitu katikati, kama Groovy na Kotlin zinavyofanya: jina = lakabu ?: "mgeni". Lakabu ikiwepo inachukuliwa, isipokuwepo anaingia mgeni. Watunzi wake walimwita Elvis, kwa kuwa alama hiyo ikilazwa upande hufanana na macho mawili na nywele za mwanamuziki yule wa Marekani. Kijana wa Kigoma aliyezaliwa juzi hana habari na nywele hizo. Lakini anajua mchezaji wa akiba ni nani, na anajua anaingia uwanjani lini. Kiteuzi cha akiba, basi. Na thamani ile ya upande wa kulia iitwe akiba tu, bila kuongezwa neno.